Mwili wa lumbesa

Vijana wa Iyunga wanaitafuta misuli kwa makopo ya zege, kwa unga wa protini na kwa vidonge visivyo na boksi. Kimoja kati ya hivyo huila misuli yenyewe.

SAA kumi na mbili na nusu asubuhi, mwezi Juni, chuma cha Iyunga hakishikiki. Baridi ya Mbeya imelala juu yake usiku kucha, na vijana wanne waliotangulia kufika wamevalisha viganja vyao soksi kuukuu kabla ya kugusa bomba. Mmoja anarukaruka mahali pamoja akijipiga mabega, kama kuku anayejikung'uta mvua.

Hata kuviita vyuma ni heshima tu. Ni makopo ya rangi ya lita nne yaliyojazwa zege, mawili kwa kila bomba la maji, na kila kopo limeandikwa kwa msumari wakati zege lingali bichi: 10. Jimu yenyewe ni mabati matatu na ubao wa kulalia. Nyuma yake malori ya barabara kuu ya Tunduma yanabadilisha gia.

Mwenye jimu wanamwita Kocha. Ni mtu wa miraba minne aliyeivuka hamsini, na misuli yake hakuianzia hapa. Kwa miaka mingi alikuwa kuli wa viazi, akipandisha magunia kwenye malori.

Asubuhi hiyo dereva mmoja wa bodaboda, kijana wa miaka ishirini na ushee, amevua koti makusudi ili aonekane. Mashavu yamejaa. Anasema amepanda kilo sita ndani ya wiki tatu, na hajaongeza kopo hata moja kwenye bomba lake. Wenzake wanamtazama kwa jicho la kutamani. Kocha anamsogelea, anamminya juu ya kiwiko kwa vidole viwili, kama mtu anayechagua parachichi.

"Dogo, unakula nini?"

"Chakula tu, Kocha. Na vidonge kidogo vya hamu."

"Huu si mwili huu. Hii ni lumbesa."

Wakacheka wote, na mwenyewe akacheka. Baadaye, wenzake walipokuwa wanavaa, alinionyesha kifuko cha nailoni kilichokuwa mfukoni: vidonge vya aina mbili, bila boksi, bila jina, bila tarehe.

Kwa msomaji asiyewahi kununua viazi Nyanda za Juu Kusini, lumbesa ni gunia lililojazwa mpaka mdomoni, kisha likaongezewa kilemba juu na kushonewa kamba. Sheria ya vipimo haitaki gunia la mazao lizidi kilo 100. Lumbesa huzidi, na mkulima hulipwa kama gunia moja. Kwa macho ni gunia kubwa. Kwa anayelibeba ni mzigo usio na mizani, na mshono ukiachia njiani viazi humwagika barabarani.

Mhariri alinituma kuandika juu ya unga wa protini. Nilirudi na daftari lililojaa habari za vidonge.

Mwili kama mtaji

Iyunga si mahali pa kushangaa kuona vijana wakitafuta nguvu. Upande huu wa jiji kuna viwanda, kuna reli ya TAZARA, kuna Shule ya Sekondari ya Ufundi Iyunga, na kuna Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, MUST. Kuna kazi za kupakia na kupakua, za kulinda geti, za kusimama mlangoni mwa baa Ijumaa usiku. Baunsa mwembamba hapati kazi. Mwanafunzi mwembamba kazi anaweza kupata, lakini picha zake kwenye simu, anasema mmoja wao, hazipati watu wa kuzipenda.

Misuli hujengwa kwa jambo lisilo na siri. Ukiipa kazi iliyo juu kidogo ya ile iliyoizoea, kisha ukaipa chakula na usingizi, mwili huunda protini mpya ndani ya nyuzi zake, nazo hunenepa. Wiki ijayo unaongeza kidogo tena. Hapo ndipo jimu ya zege inapopata shida, maana kopo la lita nne la zege lina kilo tisa na kitu na haligawanyiki. Kocha hana sahani za kilo moja na robo za kuongeza pembeni. Dawa yake ni kuongeza idadi ya mara: nane leo, kumi keshokutwa, kumi na tano wiki ijayo, mpaka mikono ikatae.

Nilidhani ni ujanja wa umaskini. Kumbe sayansi iko naye. Tafiti za miaka ya karibuni zimeonyesha kwamba mzigo mwepesi ukinyanyuliwa mpaka karibu na kushindwa hukuza misuli sawa na mzigo mzito. Uzito mkubwa hushinda katika nguvu ya kunyanyua mara moja. Katika ukubwa wa misuli, jasho halibagui zege na chuma cha dukani.

Ila haraka haipo. Anayeanza, akifanya kila kitu sawasawa, akipata kilo moja ya misuli kwa mwezi ana bahati, na kadiri miezi inavyokwenda ndivyo ongezeko linavyopungua. Sasa mtu akikwambia kilo sita kwa wiki tatu, uliza ni kilo za nini.

Maziwa yaliyovaa suti

Mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili alikuja na kopo jeusi kubwa kama ndoo ya mtoto, lenye picha ya mwanamume asiye na shingo. Alilinunua na wenzake wawili kwa kuchanga. Kopo la namna hiyo huanzia laki moja na ushee na kupanda. Wanagawana kijiko kwa kijiko, na mwenye zamu ya kulitunza hulifungia sandukuni pamoja na vyeti.

Ndani ya kopo kuna nini? Wakati maziwa yanapogandishwa kutengeneza jibini, hubaki maji ya kijanikijani. Zamani viwanda vya Ulaya viliyaona kero, vikayamwaga au kuwapa nguruwe. Maji hayo huitwa wei. Yakichujwa na kukaushwa hutoa unga wenye protini nzuri inayomeng'enywa upesi. Kijiko chake cha gramu 30 huwa na protini gramu 24 hivi. Ndizo zilizomo kwenye mayai manne.

Sina ugomvi na unga huo. Si dawa, si uchawi, haumgeuzi mtu. Ni maziwa yaliyovaa suti. Anayekosa muda wa kupika na ana fedha, anywe.

Lakini faida yake ipimwe. Mwaka 2018 jarida la Uingereza la tiba ya michezo lilichapisha uchambuzi uliokusanya majaribio 49 yenye washiriki 1,863, wote wakifanya mazoezi ya uzito. Waliopewa protini ya ziada waliwazidi wenzao, kwa wastani, gramu 300 hivi za mwili usio na mafuta. Gramu mia tatu, baada ya wiki na wiki za mazoezi. Kazi kubwa ilifanywa na mazoezi yenyewe. Na protini ilipozidi gramu 1.6 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku, ziada haikuonekana kuongeza kitu.

> Gramu 300: ndiyo tofauti ya wastani iliyoletwa na protini ya ziada katika majaribio 49.

Kriatini nayo imo kwenye mazungumzo ya jimu, ikitajwa kwa sauti ya chini kana kwamba ni bangi. Haistahili hofu hiyo. Ni kitu kilichomo kwenye nyama na samaki. Mfaransa Michel Eugène Chevreul aliitoa kwenye nyama mwaka 1832. Gramu tatu hadi tano kwa siku humsaidia mtu kurudia kazi nzito ya muda mfupi, na huvuta maji kidogo kuingia ndani ya misuli. Kwa mwenye afya imechunguzwa sana na imeonekana salama. Mwenye maradhi ya figo amwone daktari kwanza. Basi.

Penye shaka ni kama kilichoandikwa kwenye kopo ndicho kilichomo. Maabara ya Cologne, Ujerumani, ilikusanya virutubisho 634 kutoka nchi 13 na kutoa majibu mwaka 2004: vile 94, karibu asilimia 15, vilikuwa na homoni ambazo hazikutajwa kwenye kopo. Hivyo vilinunuliwa kwa wauzaji wa nchi zenye maabara na mahakama. Kopo la Iyunga limepita mikono mingapi kabla ya kufika, mwanafunzi wangu hajui. Aliletewa na mtu aliyeletewa na mtu.

Hesabu ya sahani

Nilimwomba Kocha aniambie alikula nini enzi za magunia. Akaniangalia kama niliyemuuliza alikuwa anavuta hewa gani. Ugali, akasema. Maharage. Siku ya malipo, supu.

Nikakaa naye kwenye tofali tukapiga hesabu. Kijana wa kilo 65 anayepiga vyuma, kwa kipimo kile cha 1.6, anahitaji protini gramu 104 kwa siku. Unga wa mahindi gramu 350, yaani ugali wa mtu mwenye njaa mchana na usiku, una gramu 28 hivi. Sahani mbili za maharage zilizojaa vizuri, 34. Mayai mawili, 12. Nusu lita ya maziwa, fresh au mgando, 16. Karanga gramu 50, zile za kukunja kiganja mara mbili, 12. Jumla 102.

Kocha alirudia kujumlisha kwa kidole vumbini, hakuamini. Gramu mbili tu zimekosekana, na dagaa wachache wa Ziwa Nyasa, usipa, wanazifidia na chenji inabaki. Samaki mkavu wa namna hiyo zaidi ya nusu ya uzito wake ni protini.

Kuna jambo jingine ambalo bibi zetu walilijua bila maabara. Protini ya mahindi ina upungufu wa laisini, moja ya vijenzi ambavyo mwili hauwezi kujitengenezea. Maharage yana laisini tele, ila yana upungufu wa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukiviweka sahani moja vinazibiana pengo. Makande ni kirutubisho kamili kuliko jina lake la kudharauliwa kwenye mabweni.

Na maharage yenyewe ni ya nyumbani. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Uyole, upande wa pili wa jiji hili hili, kimetoa mbegu zinazobeba jina lake, Uyole 84 na Uyole 96 zikiwemo. Gunia moja baada ya jingine hupita mbele ya jimu kwenda Dar es Salaam na kwingineko, wakati ndani mtu anakoroga kijiko cha unga uliovuka bahari.

Nilipofika hapo nilijiona nimepata makala yangu: chakula kipo, vijana hawaoni. Yule mwanafunzi akanikata.

"Kaka, hizo gramu zako zinapikwa na nani? Mimi nina jiko la umeme la kuazima na saa moja ya mchana. Nakula chipsi kwa sababu ziko mlangoni."

Ana hoja, tena kubwa kuliko anavyodhani. Nyanda za Juu Kusini zinalisha nchi, lakini utafiti wa taifa wa afya ya uzazi na mtoto wa mwaka 2022 ulikuta Iringa ikiongoza kwa udumavu wa watoto walio chini ya miaka mitano, asilimia 57 hivi, na Njombe na Rukwa kama asilimia 50 kila moja, wakati wastani wa nchi ni 30. Chakula kwenye lori ni kimoja, chakula kwenye sahani ni kingine. Baadhi ya vijana wanaokuja kujaza kifua wakiwa na miaka ishirini walianza deni hilo wakiwa na miaka miwili.

Ndugu wawili wa jina moja

Turudi kwenye kifuko cha nailoni.

Nilimwonyesha mfamasia picha niliyopiga. Kwa picha peke yake hakukubali kuvitaja. Ila vidonge vinavyouzwa zaidi kwa kazi hiyo, alisema, ni viwili: deksa, yaani deksamethasoni, na saiproheptadini. Mseto huo hauko Mbeya peke yake. Kinshasa, wanawake wanaoumeza ili wapate umbo wameandikwa hadi kwenye majarida ya kitabibu. Na hapa Iyunga dada mmoja wa chuo aliniambia bila kupepesa macho kwamba kwenye bweni lao vidonge vinavyoitwa vya hipsi ni vile vile ambavyo kaka zao huviita vya kifua.

Saiproheptadini ni dawa ya mzio. Humfungulia mtu hamu ya kula, na humletea usingizi. Yule kijana wangu ni dereva wa bodaboda, na barabara yake ni ya malori ya Tunduma.

Deksa ndiyo yenye kisa kirefu. Jimuni wanaijua kuwa ni steroidi, na neno hilo wamelisikia likitajwa pamoja na watunisha misuli wa Marekani, basi wanajumlisha mbili na mbili. Hapo ndipo wanapopotea, kwa sababu steroidi ni ukoo, na ndani yake mna ndugu wasiosalimiana.

Tawi moja ni la homoni ya kiume, testosteroni. Walioitengeneza maabara, Adolf Butenandt na Leopold Ružička, walitunukiwa Nobel ya kemia mwaka 1939. Hiyo kweli hujenga misuli, na gharama yake inajulikana: ukiiingiza toka nje kwa wingi, korodani huacha kazi, husinyaa, mbegu hupungua au hukoma, moyo na mafuta ya damu huvurugika. Kijana anayetaka mwili ili apate mchumba atafakari hilo kwanza.

Tawi la pili ni la kotisoni. Nobel yake ya tiba ilitoka 1950, kwa Philip Hench na wenzake wawili, baada ya wagonjwa wa baridi yabisi waliokuwa hawainuki kitandani kuinuka. Deksa ni ya tawi hili. Hospitalini ni dawa ya thamani: huokoa mapafu ya watoto wanaozaliwa njiti, hushusha uvimbe wa ubongo, na Juni 2020 watafiti wa Uingereza walitangaza kwamba inapunguza vifo vya wagonjwa mahututi wa Uviko-19.

Lakini kazi ya tawi hili mwilini, likikaa muda mrefu, ni kubomoa protini ya misuli iwe sukari. Hamu ya kula hupanda, mafuta huhama na kukaa usoni, shingoni na tumboni, huku mapaja na mikono ikikonda chini ya ngozi. Sukari ya damu hupanda, mifupa hulika, vidonda huchelewa kupona. Uso wa duara kama mwezi ndio alama ambayo daktari Mmarekani Harvey Cushing aliieleza mwaka 1932, ugonjwa unaobeba jina lake.

> Anakimeza ili aote misuli. Kidonge kinaila.

Mtego haujaishia hapo. Mwili unaoletewa homoni hiyo kila siku huacha kujitengenezea. Tezi zilizo juu ya figo hulala. Mtumiaji akiacha ghafla, labda kwa sababu hela imekata, anaweza kuanguka: presha inashuka, sukari inashuka, anatapika, na asipowahi hospitali anaweza kufa. Ndiyo maana aliyekwisha kutumia kwa wiki kadhaa hatakiwi kuvitupa tu chooni kwa hasira baada ya kusoma gazeti. Aende kwa daktari apunguziwe kidogo kidogo.

Dirishani

Deksa ni dawa ya cheti. Mauzo yake bila cheti yanajulikana na kila mtu, na kila mtu anamnyooshea mwenzake kidole.

Muuza dawa mmoja wa mtaani, aliyeniomba nisitaje hata rangi ya mlango wake, alijitetea hivi: mteja anaingia akijua jina la kidonge na idadi. Akimkatalia, anavuka barabara. Hana muda wa kumhubiria mtu aliyekwisha kuamua, na kodi ya pango haisubiri. Nilimuuliza kama angempa mdogo wake. Akapanga upya maboksi yaliyokuwa yamepangika.

Wasimamizi nao wana mpaka wao. Hadi katikati ya mwaka 2019 chakula na dawa vilikuwa chini ya nyumba moja, TFDA. Tangu Julai mwaka huo dawa na vifaa tiba vimebaki kwa TMDA, na chakula, virutubisho vikiwamo, kimekwenda Shirika la Viwango, TBS. Kwenye karatasi mgawanyo unaeleweka. Jimuni hauonekani: kopo la unga ni la TBS, kidonge ni cha TMDA, na kopo lililochanganyiwa homoni kimyakimya ni la yupi kabla maabara haijasema? Binafsi naona mkazo umekwenda pasipo na moto. Tunabishana juu ya unga ambao wachache wanaumudu, wakati kidonge cha bei ya chapati kinapita chini ya meza.

Mizani ya mama wa maharage

Jioni nilirudi. Kocha alikuwa anamimina zege kwenye kopo jipya, na la jana lilikuwa limeshakauka, limechorwa 10 kama wenzake. Dereva wa bodaboda alikuwepo, koti limefungwa mpaka kidevuni. Alikuwa ameniuliza kwa simu mchana hospitali gani aende, na sasa alijifanya hatujazungumza.

Mwanafunzi ndiye aliyeanza ubishi. Baada ya somo la kopo lake na maabara ya Ujerumani, alitaka kujua kama kopo la Kocha nalo limepimwa. Kocha akakasirika kidogo. Kumi ni kumi, alisema, amebeba magunia miaka yote, mkono wake unajua.

Wakalibeba hadi kwa mama anayeuza maharage kwa sado na kwa kilo upande wa pili wa barabara. Akapangusa sahani ya mizani kwa kanga, akaliweka kopo juu, akasubiri mshale utulie. Tisa na nusu.

"Kumbe na wewe unapunja, baba," mama akasema.

Kocha aliutazama mshale kwa muda. Kisha akaomba msumari.